Glasi Niliyokataa Ioshwe

Wadogo zangu wa chumba cha kuoshea, patron, mwenye hoteli, amesema niwaandikie namna ya kuchagua na kutunza glasi za divai kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Kilichonikalisha mbele ya daftari hili ni kwamba mwezi wangu wa mwisho kazini nusura nivunje ndoa ya Bibiche, msichana wetu wa kuosha vyombo, kwa glasi moja ambayo yenyewe haikuvunjika. Habari hiyo mmeisikia kwa midomo ya watu, na watu wa Kisangani mnawajua. Wamesema nilianguka, nikatapika povu, nikabebwa kwa pikipiki mpaka hospitali. Uongo mtupu. Basi nitaanza mwanzo, ili mkifika pale mjue nani alikuwa na kosa.

Nilianza kazi katika hoteli hii ya kando ya mto nikiwa na miaka ishirini, na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Aliyenipokea ni Papa Anselme, mkubwa wa meza. Zamani alihudumia daraja la kwanza kwenye meli za abiria zilizopanda mto kutoka Kinshasa. Alikuwa na suruali mbili na pasi moja ya makala, lakini ukimwona ungedhani ana makabati kumi ya nguo. Alinipa glasi na kitambaa, akasema, "Pangusa." Nikashika mguu kwa mkono mmoja, tumbo kwa mkono wa pili, nikazungusha kama ninayekamua nguo. Tak! Mguu ukabaki mkono huu, tumbo mkono ule.

"Alors, mademoiselle," akasema. "Ile ilikuwa shingo ya kuku?"

Hakunifukuza. Aliniambia nitie ule mguu mfukoni mwa aproni nikae nao mpaka jioni, ili nijue ujinga una uzito gani. Kwa hiyo somo la kwanza ndilo hilo, na kila mwaka naona mmoja wenu akilirudia: glasi ya divai haivunjiki ikianguka, inavunjika ikipanguswa. Ukipangusa tumbo, lishike tumbo lenyewe. Ukipangusa mguu, ushike mguu wenyewe. Usishike huku ukazungusha kule.

Maji nayo ni shida tangu zamani. Mvua ikinyesha, bomba letu linatoa kitu chenye rangi ya chai. Papa Anselme aliyaacha maji yatulie kwenye pipa, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha juu ya makala, maana umeme wa hapa unakuja kama mgeni, bila kutoa taarifa. Sabuni ilikuwa tone moja tu, na ya unga hakuitaka kabisa. Suuza mara tatu. Halafu pindua glasi juu ya mvuke wa sufuria, ipanguse ikingali na joto. Kitambaa kiwe shuka kuukuu la pamba, lililochoka mpaka halitoi tena nyuzi. Mnaniletea mataulo mapya yenye maua halafu mnaniuliza kwa nini glasi zimeota nywele!

Mwisho wa yote alinusa. Kila glasi, hata zikiwa arobaini na wageni wako mlangoni wanapiga kelele. Alisema macho yanadanganywa na taa, lakini pua haina mtu wa kuidanganya. Mimi nilimcheka nyuma ya mgongo wake, nikamwita Papa Mbwa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshawaambia.

Siku moja nilielewa. Mteja mmoja, bwana mwenye tai, wa wale waliokaa Ulaya miezi sita wakarudi na miaka kumi ya maelezo, alizungusha divai, akafumba macho, akawaambia wenzake, "Hii iko na harufu ya msitu na moshi. Magnifique." Alisema kweli. Mpishi wetu alikuwa ameficha samaki wa moshi katika kabati la glasi, nami glasi nilizipanga zikitazama chini, kila moja ikafunga hewa ya samaki ndani yake. Yule bwana aliagiza chupa ya pili ya divai hiyo hiyo. Tulimletea katika glasi hizo hizo, angetushtaki kama tungebadilisha. Nyinyi msifanye hivyo. Glasi ikae wima, mdomo juu, kwenye ubao usio na rangi mpya, na kitambaa chepesi juu yake kwa ajili ya vumbi na mijusi.

Kuhusu kuchagua, msiende sokoni na macho ya patron. Patron ananunua kitu kinachong'aa. Nyinyi ibebeni glasi mkononi: kichwa kikiwa kizito kuliko mguu, iacheni, meza zetu zinacheza na sakafu zetu hazijui kunyooka. Pitisheni kidole mdomoni mwake. Mdomo uwe mwembamba lakini usikwaruze. Gongeni kwa ukucha, msikilize. Inayolia inafaa. Inayosema "du" ni kopo la maua, mwachieni muuzaji. Na tumbo liwe pana kuliko mdomo, maana divai inahitaji nafasi.

Hiyo nafasi ndiyo vita yangu ya miaka yote. Ukimimina theluthi ya glasi, Kisangani nzima inakasirika. "Mama Odile," waliniambia, "mi nimelipa chupa, sikulipa hewa." Nikamimina mpaka ukingoni, wakainama kunywa mezani kama mbuzi, wakanisifu kwamba sasa nimejua kazi. Wengine walitia barafu. Wengine walitia Fanta ndani ya divai, halafu wakainua kidole kidogo, kwa heshima.

Na patron! Aliwahi kununua glasi dazeni nne, nene, kila moja na karatasi ya dhahabu imebandikwa chini ya mguu. Nilipotaka kuzitoa alinikataza. Wageni waone zilikotoka! Yeye ni wa wale wanaoacha nailoni kwenye viti vya sebuleni mpaka watoto wazaliwe juu yake na waoe juu yake. Baada ya miezi miwili zile karatasi zilikuwa nyeusi, zinanata kwenye vitambaa vya meza, mtu akiinua glasi anainua na kitambaa. Nilizitoa zote kwa mafuta ya mawese na jivu. Patron akaja, akageuza glasi moja, akageuza ya pili.

"Mama Odile, nani ametoa Ulaya kwenye glasi zangu?"

Nikamwambia imeoshwa, na kama Ulaya inatoka kwa mawese basi haikushikamana sana.

Jambo moja ambalo sikuwahi kubishana na mtu ni kufungua chupa. Hapa kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Ukimletea kinywaji kimeshamiminwa huko nyuma, hata mama aliyekuzaa atakitazama kwanza, kisha atakutazama wewe. Sisi sote tunaogopa sumu, na familia mbili zikikutana kila moja inaamini ya upande wa pili ndiyo yenye dawa. Kwa hiyo unakuja na chupa imefungwa, unamwonyesha, unaifungua pale pale, na akitaka unaonja. Nilifanya hivyo miaka thelathini bila kukosea hata siku moja. Halafu nikakosea siku ile ambayo haikutakiwa.

Papa Anselme alikuwa na glasi kumi na mbili alizopewa melini, nyembamba mpaka ukizigusa kwa ukucha unasikia kengele ya kanisa. Siku za milio ya risasi mjini tulilala chini ya meza, na tulipotoka ilikuwa imebaki moja. Alipoanza kutetemeka mikono alinipa hiyo moja. Ilikuwa imefungwa ndani ya shati lake. Alipofariki nililia katika chumba cha kuoshea mpaka mpishi akafunga mlango. Nilimpenda mzee yule, na sikuwahi kumwambia.

Glasi ile niliiweka kwenye sanduku langu nyumbani, katikati ya vikwembe vyangu, vitenge vya sherehe, na vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyofukuza mende na nondo. Ilikaa humo miaka kumi na mitatu. Kila Krismasi nilifunua sanduku, nikaitazama, nikafunika. Sikuinywea, wala sikuiosha, kwa sababu ilikuwa safi. Wala sikuinusa. Pua yangu ilikuwa imeshaizoea harufu ya sanduku, na nguo zangu zote zilinukia vile vile.

Sasa Bibiche. Mnamjua, mikono yake ni mikubwa, imekomaa kwa kubeba vikapu vya samaki tangu utoto, maana baba yake, Papa Losambo, ni mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Wiki yake ya kwanza alivunja glasi nyingi kuliko zile risasi. Nilimsema asubuhi, mchana na wakati wa kufunga. Nilimwita tingatinga. Alijifunza polepole, akaja kuwa hodari kuliko wengi wenu, lakini mimi niliendelea kumsema, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umeshashika njia hiyo.

Bibiche alimpenda Fiston, dereva wa pikipiki wa upande wa Simi-Simi, ambaye watu wake ni wa Isangi, wachuuzi wa mtoni. Papa Losambo hakumtaka. "Mutu ya moto," alisema, akimaanisha pikipiki, "leo iko Simi-Simi, kesho iko kwa docteur." Alikataa mwaka wa kwanza, akakataa wa pili. Mwaka wa tatu akachoka na machozi, akasema sawa, njooni na mahari. Lakini aliapa mbele ya ndugu zake kwamba siku hiyo likitokea likambo, tatizo lolote hata dogo, habari ya Fiston imekwisha na asirudie kumletea. Bibiche alinieleza hayo akiwa ameshika kitambaa cha kupangusia. Akaniomba nije nisimamie vinywaji, ili kila kitu kiende vizuri. "Mama Odile, weye tu ndiyo unajua," akasema.

Nilivimba kichwa, nakiri. Nikaamua baba mkwe, Papa Losambo, atanywa katika glasi ya Papa Anselme.

Sherehe ilikuwa Kabondo, kwa tonton wa Bibiche, mjomba wake mwenye uwanja mpana, chini ya maturubai. Asubuhi nilifungua sanduku nikaitoa glasi, nikaenda nayo mpaka jikoni kule Kabondo, nikaifuta kwa kona ya kikwembe, ikang'aa vizuri sana. Bibiche, ambaye hakutakiwa hata kuwa jikoni, alikuja ameshavaa nusu, akaiona.

"Mama, niioshe?"

"Mikono yako isiiguse hii."

"Haiko na vumbi?"

"Bibiche, iko safi tangu haujajua kuosha uso. Nenda ukavae."

Akaenda. Na kwa kuwa siku hiyo nilitaka kuonyesha watu wa Kabondo kazi ya daraja la kwanza, nilivaa glavu nyeupe, nikamimina divai ndani ya nyumba, theluthi kamili, nikatoka nayo juu ya sinia. Moja, peke yake. Watu wakasema, "Eeeh!" Nilitembea kama askofu.

Mnajua inavyokwenda. Binti anachukua kinywaji cha upande wa mume, anapiga magoti mbele ya baba, baba anauliza, "Mwanangu, hii tunywe?" Binti anasema, "Tata, kunywa." Baba akinywa, ndoa ipo. Asipokunywa, haipo, na mbuzi wanarudi walikotoka. Bibiche alipiga magoti, akasema neno lake kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Papa Losambo akainua glasi. Ikafika karibu na masharubu yake, ikasimama. Mvuvi ni mtu anayenunua na kuuza kwa pua. Akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, akaiweka mezani.

Bibiche alibaki amepiga magoti, macho yake kwenye ile glasi.

Msemaji wa upande wa mume, Tonton Médard, mtu mnene mwenye kofia, alielewa kwa namna yake. "Bon," akasema, "beau-père, baba mkwe wetu, anaona bado haitoshi. Tunaongeza mbuzi moja." Papa Losambo alikuwa bado anaitazama glasi. "Donc, mbili." Glasi ikabaki mezani. "Na kikwembe ya mama, ile ya bei." Ndugu za Papa Losambo walijua kabisa kwamba si mbuzi waliomzuia, maana walikuwa wameshakubaliana idadi yao tangu jana. Lakini hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Walikaa wanatazama juu, watakatifu wote, wakingoja mbuzi wa tatu.

Ndipo mzee akasema, "Mi siombe mbuzi. Hii masanga iko na kintu ndani. Nani alifungula chupa? Nani aliona?"

Hakuna aliyeona. Mama mmoja akapiga yowe. Fiston akasimama, midomo imekauka. Tonton Médard akavua kofia, akasema hakuja Kabondo kuitwa mulozi, mchawi, na vijana wake wakaanza kufungua kamba za mbuzi. Mama yake Bibiche alikuwa anamvuta mwanawe mkono asimame, na yeye hakusimama.

Nilikwenda pale mezani nikainama, nikanusa glasi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitatu. Naftalini. Ilinipanda mpaka machoni. Na sasa nitawaambia kitu ambacho watu hawakusema kwa sababu hawakukijua: nilitaka kudanganya. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, kwamba divai imeharibika, kwamba muuzaji ni mwizi. Ingewezekana. Miaka thelathini ya jina langu ilikuwa ndani ya uwanja ule, na patron wetu alikuwa ameketi mstari wa pili amevaa suti. Kisha nikamwona Bibiche pale chini, nikaona haya.

"Papa Losambo," nikasema, "ni miye. Upande wa Fiston hawakugusa kitu. Glasi ilikaa mu sanduku yangu na naftalini. Divai nilimimina miye, ndani, hakuna mutu aliona. Na mutoto yako aliomba kuiosha. Nilimukataza."

"Naftalini?" akauliza.

"Naftalini."

"Kunywa, alors."

Nikanywa. Wadogo zangu, nimekunywa vitu vingi katika kazi hii, mabaki ya mawaziri na ya madaktari, lakini kile sitakisahau. Nusu ikashuka, nusu ikabaki kwenye glasi. Mtu akanisukumia kiti, na watu mia wakanizunguka kutazama kama nitakufa. Hakuna aliyeniletea maji! Mpiga picha alisogea karibu ili asikose. Mama mmoja aliniuliza kama nasikia baridi miguuni, nikamwambia nasikia aibu, akawageukia wenzake akawaambia imeanza kupanda kichwani. Patron alikuwa amesogeza kiti chake nyuma. Tonton Médard alikuwa ameshika kamba ya mbuzi mmoja, hajaamua.

Hapo Bibiche akasimama kutoka magotini. Alikuja moja kwa moja, akanitoa glasi mkononi kwa ile mikono yake, akanywa yote iliyobaki. Mama yake akapiga kelele. Fiston akaruka meza, amechelewa. Bibiche akakunja uso wote kama mtoto aliyepewa kwinini, akafuta mdomo, akamgeukia baba yake.

"Tata, iko naftalini. Leta chupa ingine."

Sikuweza kujua Papa Losambo anawaza nini, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku za risasi. Kisha akaomba chupa iliyofungwa, akaifungua mwenyewe kwa kisu chake cha samaki, kizibo kikaingia ndani vipande vipande. Akaomba kikombe. Wakamletea kikombe cha plastiki cha kijani, cha watoto, kilichong'atwa mdomoni. Akamimina mpaka ukingoni, akauliza upya kama inavyotakiwa, Bibiche akapiga magoti upya akajibu, na mzee akanywa mpaka chini, na vipande vya kizibo kwenye masharubu. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakaogopa. Wale wawili wa nyongeza, kwa habari yenu, ndugu zake walidai wabaki.

Jioni, tulipokuwa tunakusanya vyombo, nilimvuta Bibiche kando. Nilimwomba msamaha, kwa maneno kamili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa mtu yeyote katika kazi hii. Kisha nikamuuliza kwa nini alikunywa, wakati watu wote, hata patron, walikuwa wanangoja nianguke.

"Mama Odile," akasema, bila kuacha kupangusa, "weye hauwezi kuua mutu. Weye unasumbuaka tu."